Sarufi ya Kiitaliano kwa sentensi za kila siku: mwongozo wa hatua kwa hatua

Watu wengi wa Malindi, Watamu na Kiwengwa wanaozungumza Kiitaliano wamekwama mahali pamoja. Salamu wanazo, bei wanazitaja, "tutto bene, amico" inawatoka bila kufikiri. Lakini mgeni akijibu kwa sentensi ya maneno kumi, wanashika mawili na manane wanayakisia. Walioko Italia, wanaohitaji cheti cha lugha cha ngazi ya A2 kwa kibali cha ukaaji wa muda mrefu au B1 kwa uraia, hukwama kinyume chake: majedwali ya vitenzi wameyakariri, na bado hawawezi kumwambia mwenye nyumba kwamba mfereji unavuja.

Njia inayofaa ni kuchukua sentensi chache za kweli, kuzivunja hadi ujue kila kipande kinafanya kazi gani, kisha kubadilisha kipande kimoja kimoja. Mswahili ana mtaji hapa. Ngeli na viambishi vimekwisha kumzoeza kupatanisha maneno. Kazi kubwa ya Kiitaliano ni upatanisho huohuo, ila umehamia mwishoni mwa neno.

## Vitu vya kuandaa

- Daftari lenye safu tatu: sentensi ya Kiitaliano, maana yake neno kwa neno, na sentensi zako mwenyewe.
- Kalamu za rangi mbili: moja ya kupigia mstari mwisho wa majina na vivumishi, nyingine mwisho wa vitenzi.
- Kamusi inayoonyesha jinsia ya jina. Ile ya Treccani inapatikana mtandaoni bure. Tafuta alama *s. m.* (la kiume) au *s. f.* (la kike).
- Kibodi ya Kiitaliano kwenye simu. Si pambo: *e* ni "na", *è* ni "ni". Ukiacha alama umeandika neno jingine.
- Kinasa sauti cha simu hiyohiyo.

Nusu saa kwa siku inatosha. Hatua ikiwa na dalili ya mafanikio mwishoni mwake, usihamie inayofuata kabla hujaiona.

## Hatua ya 1: Rekebisha sauti kwanza

Tahajia ya Kiswahili itakudanganya. Kwetu *ch* ni ch ya "chai"; kwao *ch* ni "k". *Chi* husomwa "ki", *che* "ke", *chiave* "kiave". Ukiitaka ch ya "chai", wao huandika *c* peke yake mbele ya e au i: *cena* ni "chena". Na *g* ni hivyohivyo: *gelato* "jelato", lakini *spaghetti* ina g ya "gari".

Mengine ni mepesi. *Gn* ni ny ya "nyumba" (*bagno*, *signora*). *Sc* mbele ya e au i ni sh (*pesce*). *H* mwanzoni mwa neno haisikiki kabisa: *ho* ni "o".

Onyo la konsonanti mbili. *Quanti anni hai?* maana yake "una miaka mingapi?" Ukitamka n moja tu, umetaja tundu la nyuma la mtu. *Penne*, zile tambi za mezani, nazo zikipungua n moja zinakuwa uume. Shikilia n kama unavyoishikilia mwanzoni mwa "nne", na ufanye hivyo kwa tt, ss, ll na nyinginezo.

Onyo la mkazo. Sisi tunakaza silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila neno. Waitaliano mara nyingi hufanya hivyo, lakini si daima: *CA-mera*, *TA-volo*, *ZUC-chero*, *PAR-lano*. Alama huandikwa pale tu mkazo unapoangukia irabu ya mwisho ya neno, kama *città* na *caffè*. Mengine ni ya kutafuta katika kamusi na kuyapigia mstari.

Umefaulu ukiweza kurekodi *Che cosa c'è per cena? Il pesce*, na Mwitaliano akaelewa mara ya kwanza bila kuuliza *come?*

## Hatua ya 2: Anza na "nina"

Sentensi: Ho fame. Nina njaa.

Anza hapa, si kwenye "mimi ni fulani", kwa sababu Kiitaliano na Kiswahili vinakubaliana vizuri sana katika jambo hili. *Ho sete*, nina kiu. *Ho sonno*, nina usingizi. *Ho fretta*, nina haraka. *Ho trent'anni*, nina miaka thelathini. Aliyejifunza kupitia Kiingereza huanza kusema "mimi ni miaka thelathini". Wewe huna sababu ya kupita huko.

Zungusha nafsi sita katika sentensi ileile: *ho, hai, ha, abbiamo, avete, hanno fame*. Nina, una, ana, tuna, mna, wana. Kukanusha, tia *non* mbele: *Non ho fame*. Kuuliza, pandisha sauti tu kama tunavyofanya sisi: *Hai fame?*

Joto na baridi pia huenda na kitenzi hiki. Sema *ho caldo*, "nasikia joto". *Sono caldo* inaweza kuchukuliwa kwamba unatangaza ashiki.

Umefaulu ukiweza kusema hali zako tano za leo bila kutanguliza *io*. Neno hilo ni kama "mimi": hutumika unapotaka kusisitiza. Kiitaliano cha mtu anayesema *io* kila sentensi kinachosha kama Kiswahili cha anayesema "mimi nina njaa, mimi nina kiu".

## Hatua ya 3: Jinsia, yaani ngeli mbili

Hapa ndipo wengi huanguka, kwa hiyo tutakaa.

Sentensi: La camera è pulita, ma il bagno è sporco. Chumba ni safi, lakini bafu ni chafu.

Chukua kalamu ya kwanza. Pigia mstari: *la camera … pulita*, *il bagno … sporco*. Jina limeita, kivumishi kimeitika. Ni jambo lilelile la "kitabu kikubwa, vitabu vikubwa".

Wingi:

- *il tavolo* → *i tavoli*
- *la camera* → *le camere*
- *il mese* → *i mesi*, *la chiave* → *le chiavi*

Mstari wa tatu ndio wenye mtego. Jina linaloishia na *-e* linaweza kuwa la kiume au la kike, na umbo halikuambii kitu. Kinachokuambia ni kijineno cha mbele. Ndiyo maana usiandike *chiave* peke yake kwenye daftari. Andika *la chiave*, daima.

Vijineno vingine viwili hutegemea sauti inayofuata. Mbele ya z, au ya s iliyofuatwa na konsonanti, *il* hugeuka *lo*: *lo zucchero*, *lo studente*, na wingi *gli studenti*. Mbele ya irabu ni *l'*: *l'acqua*, *l'amico*. Wingi wa *l'amico* ni *gli amici*. Wa jina la kike hubaki *le*.

Usipoteze muda kuuliza kwa nini meza ni ya kiume na chumba cha kike. Hujawahi kuuliza kwa nini kijiko kiko KI-VI na uma uko kwingine. Kubali pia wakaidi wachache wanaotumika kila siku: *la mano* (mkono), *la foto*, *il problema*.

Vivumishi vina familia mbili. Vya *-o* vina maumbo manne: *rosso, rossa, rossi, rosse*. Vya *-e* vina mawili: *grande, grandi*. Vichache havibadiliki, kama *blu* na *rosa*, nasi tunavyo vya aina hiyo: safi, ghali, bora.

Umilikaji utakufurahisha. *La mia chiave, il mio bagno*: neno hufuata kitu kinachomilikiwa, kama "chumba changu, nyumba yangu". *La sua camera* ni "chumba chake", awe bwana au bibi. Jambo moja tu: kwa jamaa mmoja wa familia kijineno cha mbele huondoka (*mia madre*), kwa wengi hurudi (*i miei fratelli*).

Onyo kwa kina dada. Kiitaliano cha ufukweni kimeshikwa zaidi na wanaume, na anayejifunza kwa kuwasikiliza huishia kusema *sono stanco, sono pronto*. Mwanamke husema *sono stanca, sono pronta*. Kivumishi kinachokuhusu wewe kinakufuata wewe.

Umefaulu ukiweza kutazama vitu kumi ulivyozungukwa navyo na kutaja kila kimoja kwa kijineno, jina na kivumishi, kisha kuvitaja tena kwa wingi. Rudia hatua hii hata kwa wiki mbili. Nyingine zote zimesimama juu yake.

## Hatua ya 4: Kuna na hakuna

C'è un problema. Kuna tatizo. Ci sono due problemi. Kuna matatizo mawili.

"Kuna" yetu haijali idadi, yao inajali. Hilo tu. *Non c'è acqua* ni hakuna maji, na *il direttore non c'è* ni meneja hayupo. Ukisema hakuna mtu, kanusha mara mbili bila wasiwasi: *Non c'è nessuno*.

## Hatua ya 5: Mkia wa kitenzi

Sentensi: Il rubinetto perde. Mfereji unavuja.

Kamusi itakupa *perdere*. Karibu vitenzi vyote viko katika makundi matatu: *-are*, *-ere*, *-ire*. Kata mkia huo, bandika mwingine unaotaja nafsi. Kazi ya ni-, u-, a-, tu-, m-, wa- inafanyika mwishoni:

- *parlare*: parlo, parli, parla, parliamo, parlate, parlano
- *perdere*: perdo, perdi, perde, perdiamo, perdete, perdono
- *aprire*: apro, apri, apre, apriamo, aprite, aprono

Tazama zinavyofanana: *-o*, *-i* na *-iamo* ni zilezile kila mahali. Kumbuka mkazo wa nafsi ya mwisho: *PAR-lano*, *A-prono*. Baadhi ya vitenzi vya *-ire* huingiza *-isc-* katikati (*capire*: capisco, capisci), na *capisco* utaihitaji tangu siku ya kwanza.

Kosa la kudumu ni kuacha kitenzi kizima: *io parlare italiano*. Utaeleweka, na ndiyo hatari yake. Hakuna atakayekusahihisha, na miaka kumi itapita ukiwa palepale.

Njia ya mkato ya halali ipo. Jifunze *posso* (naweza), *devo* (lazima) na *voglio* (nataka), kisha weka kitenzi kizima baada yake: *Posso aprire la finestra? Devo andare.* Unapoagiza au kuomba, badilisha *voglio* kwa *vorrei*, ambayo ina adabu zaidi.

Umefaulu ukiweza kubadilisha *Il rubinetto perde* kuwa *i rubinetti perdono* bila kusita.

## Hatua ya 6: Mi piace

Mi piace il mare. Mi piacciono i gamberi.

Wengi husema *io piace*, kwa kuwa wanatafsiri "napenda". Kitenzi hiki hakimaanishi kupenda, kinamaanisha kuvutia. Bahari inanivutia, kamba wananivutia. Kitu ndicho kitendacho, na ndiyo maana kitenzi kinakuwa wingi vitu vikiwa vingi. *Mi* ni ile "-ni-" ya katikati. Badilisha: *ti piace*, kinakuvutia, *ci piace*, kinatuvutia.

Chunga *mi piaci*. Hiyo ni "wewe unanivutia", na mgeni ataielewa hivyohivyo.

## Hatua ya 7: Tu au Lei

Kiswahili huweka heshima kwenye shikamoo, kisha "wewe" inaendelea kwa wote. Kiitaliano huiweka ndani ya kitenzi, sentensi baada ya sentensi. Mtu usiyemjua, mzee, daktari, askari, ofisa wa *questura* (makao ya polisi): hao huambiwa *Lei*, na kitenzi huwa cha nafsi ya tatu, kana kwamba unamzungumzia mtu mwingine.

- *Come stai?* → *Come sta?*
- *Vuoi un caffè?* → *Vuole un caffè?*
- *Scusa* → *Scusi*
- *Vieni* → *Venga*
- *Dimmi* → *Mi dica*

*Lei* ni umbo la kike lakini huambiwa pia mwanamume, na kivumishi hubaki cha kwake: *Lei è stanco, signore?* Wakiwa wawili au zaidi, *voi* inatosha.

Onyo. Katika kuamuru, vitenzi vya *-are* hubadilishana mikia. Kwa taarifa ya kawaida *tu aspetti, Lei aspetta*. Kwa amri ni kinyume: *aspetta!* kwa rafiki, *aspetti!* kwa unayemheshimu. Hili huwachanganya hata waliosoma, kwa hiyo likariri pamoja na *scusa / scusi*, ambalo lina umbo hilohilo.

*Ciao* ni ya *tu*. Kwa bibi wa miaka sabini sema *buongiorno, signora*. Kijana wa ufukweni akikuambia *tu*, mjibu *tu*. Mkubwa akisema *diamoci del tu*, amekufungulia mlango. Kabla ya hapo kaa kwenye *Lei*. Kwa maoni yangu hatua hii ndiyo inayomtofautisha anayechukuliwa kama mchuuzi wa pwani na anayepewa kazi ya mapokezi, hata kama msamiati wao ni mmoja.

Umefaulu ukiweza kuongea dakika mbili na mtu mzima bila kuteleza kutoka *vuole* kurudi *vuoi*.

## Hatua ya 8: Lo, la, li, le

La chiave? La porto io. Ufunguo? Nitauleta mimi.

*La* ya pili si kijineno cha mbele, ni "-u-" ya "nitauleta". Maumbo ni manne: *lo, la, li, le*, kwa jinsia na idadi. Kwa kawaida hukaa mbele ya kitenzi. Ila kitenzi kikiwa kizima, hubandikwa mwishoni: *Posso portarla domani?* Ukiweza kujibu maswali matano ya aina ya *Le camere? Le puliamo adesso*, songa mbele.

## Hatua ya 9: Yaliyopita

Ho mangiato. Nimekula, au nilikula. Umbo moja linabeba "-me-" na "-li-" zote mbili, kwa hiyo usihangaike kuchagua.

Muundo: *ho, hai, ha…* na kitenzi kilichogeuzwa: *-are* huwa *-ato*, *-ere* huwa *-uto*, *-ire* huwa *-ito*. Wakaidi unaowahitaji: *fatto, detto, visto, preso, messo, aperto, chiuso, perso*.

Vitenzi vingine havitaki *ho*, vinataka *sono*. Vingi ni vya kwenda, kuja na kubadilika hali: *andare, venire, arrivare, partire, uscire, entrare, tornare, restare, nascere, morire*. Wajirejeshi wote pia, yaani vitenzi vinavyomrudia mtendaji mwenyewe: *mi sono svegliato*, nimeamka. Hapo upatanisho hurudi: *sono andato* (mwanamume), *sono andata* (mwanamke), *siamo andati*, *siamo andate*.

Onyo. Kanuni ya "kila kitenzi cha mwendo" ina mashimo. *Camminare* na *viaggiare* huenda na *ho*. Kariri orodha ya juu, usikisie.

Kwa mazoea ya zamani kuna umbo jingine: *Quando ero bambino abitavo a Lamu*. Hiyo ni "nilikuwa nikiishi". Likisubiri mwezi mmoja halitaharibika.

## Hatua ya 10: Vihusishi na saa

Vihusishi hugandana na vijineno: *a + il* = *al*, *di + il* = *del*, *da + il* = *dal*, *in + il* = *nel*, *su + il* = *sul*. Mji huchukua *a*, nchi huchukua *in*: *a Mombasa, in Kenya*. Kwenda kwa mtu ni *da*: *vado dal medico*. Mengine kariri kwa fungu zima: *a casa, in banca, in spiaggia, al mercato*. Kutafuta mantiki hapa ni kujichosha.

*Lavoro qui da tre anni*: nafanya kazi hapa, huu mwaka wa tatu umetimia. Kitenzi ni cha sasa kwa kuwa kazi inaendelea. Ukisema *ho lavorato qui tre anni*, mwajiri ataelewa umeshaacha.

Kuhusu saa, hesabu yao haianzi macheo. *Alle sette* asubuhi ni saa moja asubuhi, na *alle 19* ni saa moja jioni. Watu wamewakosa wageni uwanjani kwa saa sita hizi. Saa huwa wingi, *sono le tre*, isipokuwa *è l'una*.

## Jaribio la mwisho

Ujumbe huu wa mume na mke waliopanga nyumba, wakimwandikia mwenye nyumba:

*Buonasera signora, siamo arrivati alle otto ma il bagno è sporco e le chiavi non ci sono. Le abbiamo cercate dappertutto. Può venire Lei?*

Toa kalamu mbili na upige mistari kabla ya kusoma zaidi.

*Siamo arrivati*: kitenzi cha *sono*, wingi, akiwemo mwanamume mmoja, umbo ni la kiume. *Alle otto*: saa mbili usiku, kwa kuwa wameanza na *buonasera*. *Le chiavi non ci sono*: hatua ya 3 na ya 4 pamoja. *Le abbiamo cercate*: *le* ni funguo, na *cercate* imeishia *-e* kwa sababu *le* imetangulia kitenzi na kukilazimisha kipatane nayo. *Può … Lei*: heshima.

Sasa uandike upya ujumbe huo: mwandishi awe mwanamke mmoja, na ufunguo uwe mmoja. Linganisha na hili:

*Buonasera signora, sono arrivata alle otto ma il bagno è sporco e la chiave non c'è. L'ho cercata dappertutto. Può venire Lei?*

Ukikosa *arrivata*, rudi hatua ya 9. Ukikosa *cercata*, soma tena maelezo ya *le abbiamo cercate* hapo juu. Ukikosa *non c'è*, ya 4. Ukikosa *la chiave*, ya 3, na safari hii andika majina yote upya pamoja na vijineno vyake.